Mama anataka kurudi "kwao" kila magharibi. Nimhamishie Dar?

*"Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 74, anaishi Ngamiani, Tanga, kwenye nyumba aliyoachiwa na marehemu baba. Ana presha na sukari, anatumia vidonge miaka mingi. Yapata mwaka mmoja na nusu sasa amekuwa msahaulifu: anauliza jambo moja mara kumi, anasali magharibi kisha anatandika msala asali tena, anamtuhumu binti wa kazi kuwa anamwibia kanga. Ikifika jioni anavaa baibui, anasema anarudi kwao Pangani, na wazazi wake walishafariki zamani. Mara mbili amekutwa barabarani; mara ya pili alianguka. Kaka yangu aliyeko Tanga anasema ni jini, ameita watu wa kumsomea, na usiku anampa Piriton ili alale. Majirani wanasema ni uzee tu. Mimi niko Dar, nimepanga vyumba viwili Tabata. Binti anayekaa naye ana miaka 16, tulimtoa Lushoto. Wiki iliyopita nilimpigia simu mama, akaniuliza, 'Wewe mtoto wa nani?' Nililia. Je, nimchukue nije naye Dar? Na kuna dawa?"*

Marahaba, dada yangu, na pole.

Nianze na jibu fupi ili usisome huku roho iko juu: usimhamishe bado. Kabla ya basi la Dar kuna safari fupi zaidi, ya kutoka Ngamiani kwenda hospitali ya mkoa ya Bombo, na hiyo ndiyo ya haraka. Suala la kuhama nitalirudia, kwa sababu linamhusu yule binti wa Lushoto kuliko unavyodhani.

Majirani wanaosema "ni uzee tu" wanakufariji, lakini wanakupoteza. Mzee mwenye afya husahau alikoweka miwani, akaikuta, akajicheka. Jina la mtu humkwepa mchana, likamjia usiku akiwa amelala. Kuuliza jambo moja mara kumi, au kusimama njiani bila kujua pa kuelekea katika mtaa alioishi tangu ujana, hakuletwi na miaka peke yake. Wapo wanaofika 90 bila kuyaona hayo. Huu ni ugonjwa wa ubongo, na jina lake la jumla ni demensia. Utafiti uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, ulikuta watu wapatao 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wanao. Kwa hiyo hata hapo mtaani mama hayuko peke yake. Wenzake wamefungiwa ndani tu, watu wasiwaone.

Demensia ina aina kadhaa. Inayojulikana zaidi ni ya Alzheimer, iliyopewa jina la daktari wa Kijerumani aliyeieleza mwaka 1906: protini zisizo za kawaida hujikusanya ndani na nje ya chembe za ubongo, na chembe zinakufa kidogo kidogo. Nyingine ni ya mishipa ya damu, ambapo presha na sukari za miaka mingi huziba vijishipa vidogo kichwani, kimoja leo, kingine mwezi ujao. Kwa mtu mwenye historia ya mama yako, aghalabu unakuta zote mbili zimechanganyika. Sisemi kwamba anayo, sijamwona. Nasema ndiyo ya kwanza kuitafuta, pamoja na nyingine nitakazozitaja.

Ukielewa jambo moja kuhusu ugonjwa huu, mengi ya mama hayatakushangaza. Ndani ya ubongo, usawa wa masikio, kuna sehemu ndogo iitwayo hipokampasi. Kazi yake ni kama ya karani: jambo likitokea, yeye ndiye analiandika. Mara nyingi ugonjwa huanza kwa kumgusa karani huyu. Mama anapouliza mara ya kumi "leo siku gani?", si kwamba amelipuuza jibu la mara ya tisa, halikuandikwa popote. Amesali, lakini kusali hakukuandikwa, naye ni mcha Mungu, anaogopa sala isimpite. Kanga ameiweka mwenyewe chini ya godoro, na kuiweka huko hakukuandikwa. Ubongo nao hauvumilii pengo, unalijaza kwa maelezo yanayoelekea kuwa kweli: kanga haipo, nyumbani kuna mtu mmoja tu asiye damu yetu, basi ndiye. Hamsingizii. Kwa ushahidi alionao kichwani, hiyo ndiyo hukumu.

Yaliyoandikwa zamani, kabla karani hajaugua, yamekaa kwingine na hudumu. Ndiyo maana Pangani ya utoto wake iko wazi kuliko jana. Na kazi za mikono zina ghala lake jingine kabisa. Nimewahi kumwona bibi asiyejua kama amekula akisuka ukili bila kukosea chane moja, na mkeka ukatoka mzuri kuliko ambao ningesuka mimi nikiwa na akili zangu zote. Kama mama alikuwa msukaji, au alikuna nazi, au alipepeta mchele, mpe kazi hiyo tena. Si ya kumpotezea muda. Mkono unapoijua kazi, hofu hupungua.

Sasa lile swali lililokuliza. Mama "anakuona" moyoni bado ukiwa msichana wa shule, labda na sare yako. Simu imemletea sauti ya mwanamke mtu mzima, bila sura, bila mwendo, bila harufu. Usilihesabu hilo kuwa amekusahau. Simu ndiyo mtihani mgumu kuliko yote kwake, na huenda siku ukiingia mlangoni akakuita jina kabla hujavua viatu. Huenda pia asikuite. Siwezi kukuahidi, lakini kwa simu ile moja huwezi kuhukumu.

Kwa kaka yako nazungumza kwa adabu, kwani najua sisi watu wa Tanga tunavyotaniwa kwa majini, na najua anampenda mama yake. Kisomo na dua sina ugomvi navyo. Sauti ya aya alizohifadhi tangu chuoni humtuliza mzee pengine kuliko kidonge chochote nilicho nacho. Ninachokataza ni hivi: asifungwe, asichanjwe chale, asifukizwe katika chumba kilichofungwa, asinyweshwe dawa za mizizi juu ya vidonge vya sukari na presha, na vidonge vyake visisimamishwe "mpaka kisomo kiishe". Anayesema mama anaongea na wafu kwa sababu ana jini, mwambie anaongea nao kwa sababu katika kumbukumbu iliyomsalia wako hai.

Piriton ikome usiku wa leo. Najua inauzwa kila duka na watu wanaiona dawa ya mafua tu. Lakini chembe za ubongo zinazohusika na kumbukumbu hupelekeana habari kwa kemikali iitwayo asetilikolini, na kwa mgonjwa wa demensia kemikali hii tayari ni haba. Piriton huizuia. Mama analala kweli, kisha anaamka na ukungu mzito zaidi, mdomo mkavu, choo kigumu, mkojo unakataa kutoka, miguu haina nguvu, na anaanguka. Amitriptilini wanayopewa wazee wengi kwa maumivu ya mishipa ina tabia hiyohiyo. Diazepamu, dawa ya usingizi na wasiwasi, njia yake ni nyingine, lakini nayo inachanganya akili na kuangusha. Ila hiyo, kama amekuwa akiitumia kwa muda mrefu, isikatwe ghafla. Daktari aipunguze kidogo kidogo.

Nirudi kwenye safari ya Bombo. Mkienda, kusanyeni vidonge vyote vilivyomo ndani ya nyumba, hata vya zamani, hata vya kienyeji, mvitie kwenye mfuko mmoja mwende navyo. Nina sababu. Wagonjwa wa sukari wengi hapa kwetu hupewa vidonge viitwavyo metfomini na glibenklamidi. Metfomini ya miaka mingi hupunguza vitamini B12 mwilini, na upungufu huo peke yake huleta usahaulifu. Glibenklamidi nayo hushusha sukari, na kwa mzee huishusha kupita kiasi kwa saa nyingi. Hebu fikiria: mama amemeza asubuhi, hakumbuki, amemeza tena, na chakula cha mchana amesahau. Ikifika jioni anatetemeka, anahaha, anataka kutoka. Mtu atasema kapandisha jini, kumbe sukari imeshuka. Mpimeni sukari saa ileile anapochachamaa, kwa kile kifaa cha kuchoma kidole, siku tatu mfululizo. Na vidonge vyote vihamie kwa mtu mwingine kuanzia leo. Yeye apewe mkononi kwa saa yake.

Ombeni apimwe pia wingi wa damu, figo na chumvi za mwilini, tezi ya shingo, VVU na kaswende (msione haya, ni vipimo vya kawaida kwa yeyote anayesahau, na kaswende ya zamani inatibika), macho na masikio. Asiyesikia vizuri huonekana kachanganyikiwa kuliko alivyo, na mtoto wa jicho hugeuza kanga iliyotundikwa ukutani kuwa mtu. Na lile anguko msilisahau kulitaja. Kwa wazee, damu inaweza kuvuja taratibu ndani ya fuvu baada ya kugonga kichwa hata kidogo, dalili zikajitokeza wiki kadhaa baadaye: usingizi mwingi, kichwa kuuma, mwendo wa kuyumba, akili kuzidi kupotea. Hiyo huonekana kwa picha ya CT, na daktari wa upasuaji anaweza kuitoa. Kama hali ya mama iliporomoka baada ya siku aliyoanguka, lisemeni wazi, kwa sauti.

Msahaulifu wa mwaka mmoja na nusu anaweza kusubiri kliniki ya Jumatatu. Aliyebadilika ndani ya saa au siku mbili hasubiri. Akiwa na homa, akisinzia katikati ya maneno, akiona vitu visivyokuwepo ghafla, akikataa maji, upande mmoja ukilegea au mdomo kwenda kombo, apelekwe siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Kwa mzee, maambukizi ya mkojo, nimonia na malaria yanaweza kujitangaza kwa kuvuruga akili kabla ya dalili nyingine, na demensia yenyewe ndiyo inayowafanya wenye nyumba waseme "ndivyo alivyo siku hizi", wakachelewa.

Umeuliza dawa. Ya kuponya hakuna, na anayekuuzia ya kuponya anakuibia. Ipo donepezili, inayoongeza ile asetilikolini. Kwa baadhi ya wagonjwa wa Alzheimer husaidia kidogo kwa muda, kwa wengine haibadilishi kitu, na inaweza kuleta kuhara na kupunguza mapigo ya moyo. Ukipewa ushauri wa kuijaribu na mfuko unaruhusu, jaribu kwa miezi michache kisha mpime pamoja na daktari kama ina faida. Usiuze mbuzi kwa ajili yake. Kudhibiti presha ni bei nafuu na kunalinda kile kilichobaki. Na mkipewa haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili, ili "atulie", ulizeni maswali: dawa za kundi hilo huongeza hatari ya kiharusi na kifo kwa wenye demensia, na tunazitumia kwa dozi ndogo, kwa muda mfupi, pale tu mgonjwa anapokuwa hatari kwake au kwa wengine.

Jioni mtaikabili kwa njia nyingine. Jua linapozama mwanga hupungua, vivuli hurefuka, mwili umechoka, na saa ya ndani ya ubongo, nayo imeguswa na ugonjwa, haijui tena kama ni usiku au mchana. Washeni taa kabla giza halijaingia. Mchana asilale zaidi ya nusu saa. Atoke barazani asubuhi apate jua. Anapovaa baibui, msimwambie "mama yako alishakufa". Kwake hiyo ni habari mpya, na mtakuwa mnampa msiba kila siku magharibi. "Kwetu" anayoitaka ni ule utulivu wa kuwa mtoto kwa mama yake. Mwulizeni Pangani kulikuwaje, nani alikuwa anapika, mto walivukaje. Chai iwe tayari. Akishikilia kutoka, mtu amsindikize, wazunguke mitaa miwili, warudi. Mara nyingi akiona mlango wake atasema tumefika.

Hapo ndipo sababu ya kutomng'oa ilipo. Kichwani karani hafanyi kazi, lakini nyumba inamsaidia: miguu inajua choo kiko hatua ngapi kutoka kitandani, mkono unajua swichi ilipo, sikio linajua adhana ya msikiti wa jirani. Hayo aliyajifunza zamani na hayahitaji kuandikwa upya. Mpeleke Tabata, kila kitu ni kipya kwa mtu asiyeweza kujifunza kipya. Nimeona wazee waliokuwa wakijisaidia wenyewe Tanga, Dar wakaanza kukojoa ukutani wiki ya kwanza, si kwa kuzidiwa na ugonjwa, ila hawakuuona mlango wa choo. Na Ngamiani wanamfahamu. Mpe habari muuza mihogo, vijana wa bodaboda pale kijiweni, wazee wa bao, na mwenyekiti wa mtaa: mkimwona mama wa fulani peke yake jioni, msalimieni, mrudisheni, namba ya simu iko kwenye bangili yake. Kilomita 350 kutoka hapo, akitoka getini Tabata, ni bibi asiyejulikana kando ya barabara.

Lakini nyumba haimlei mtu, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Kwa sasa mama yako anaangaliwa na mtoto. Miaka 16, mbali na kwao, anaitwa mwizi kila siku, anaamka usiku, anamkimbilia mzee barabarani, na siku ya kuanguka huenda ndiye aliyegombezwa. Kazi hii huwavunja watu wazima waliosomea. Si haki kwake, na si salama kwa mama. Siwalaumu, ndivyo familia nyingi zinavyojaribu kujikwamua, ila haiwezi kuendelea hivyo. Mtafuteni mwanamke mtu mzima, mjane wa ukoo kwa mfano, au jirani anayehitaji kipato, mkamlipe mshahara wa kweli. Binti asaidiwe arudi kwao au kwenye masomo.

Kwa hiyo fanyeni kikao, ninyi watoto wote. Mwite na yule ambaye husema "nitatuma" asitume. Andikeni kwenye karatasi nani analipa mshahara, nani anashika vidonge, nani analala pale Ijumaa na Jumamosi ili mlezi apumzike. Mlezi asiyepumzika huanza kwa kufoka na huishia kwa kupiga. Huwa nawauliza watoto wa mgonjwa kuhusu hilo kabla sijaandika dawa yoyote. Wewe uliye mbali na una kipato, pengine zamu yako ni fedha na wiki mbili za likizo, na kaka, ambaye yuko karibu, zamu yake ni kuwepo. Mkishindwa kabisa kupata mtu mzima wa kukaa naye ndani ya mwezi mmoja au miwili, hapo ndipo nakuambia mchukue. Na kama mnaona wazi kwamba mwisho wa yote atakuja kwako, afadhali aje mapema kuliko baada ya miaka mitatu, maana sasa hivi bado anaweza kuzoea kidogo. Najua nimejipinga hapa. Hoja ya nyumba ni nzito, ila haizidi ya mtu wa kumlea. Mkihama, kaa naye Tanga siku kadhaa kwanza akuzoee, safirini asubuhi, na kitanda chake, kanga zake na msala wake viwe vimeshatandikwa Tabata kabla hajaingia.

Makazi ya wazee kama yale ya serikali pale Mwanzange yamekusudiwa wasio na ndugu wala uwezo. Kwa mama yako silioni kuwa jibu. Lakini haki zake nyingine zidai. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inataka mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atibiwe bure. Anzieni ofisi ya serikali ya mtaa, kisha afisa ustawi wa jamii. Huyo afisa huwapo hospitalini pia, na ndiye wa kumwona mkikwama kwa lolote la kulea. Ng'ambo ya maji, Pemba na Unguja, kila mwenye miaka 70 ana pensheni ya serikali tangu 2016, iliyoanza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Huku bara mjane wa miaka 74 asiye na pensheni ya kazi anategemea watoto, au TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, kama kaya yake imeandikishwa. Nimelisema hili mbele ya wakubwa zaidi ya mara moja, na nitaendelea.

Jambo la nyumba na mali mlimalize sasa, akiwa bado na saa zake za akili timamu, mbele ya wakili na watoto wote. Kumkamata kidole gumba kwenye karatasi asiyoielewa ni wizi, hata aliyekamata akiwa mwanawe wa kumzaa.

Ukifika Tanga wiki hii, usimpime kwa kumwuliza "unanikumbuka?" Ingia kwa mbele, si kwa kumshtua mgongoni, kaa usawa wa macho yake, mwambie: "Shikamoo mama, ni mimi mwanao, nimekuja kutoka Dar." Akikuuliza tena baada ya dakika tano, mwambie tena.